Mshale wa Sekunde

Mwanangu Chikawe alishuka melini Dubai
akaninunulia saa ya bei ya pikipiki mbili.
Wiki ya kwanza niliificha kwenye gunia la mbaazi.
Ya pili nikaivaa wodini,
na mshale wake mwekundu, mwembamba kama unywele,
ndio niliohesabia mapigo
ya watoto wanaokuja duniani kwa haraka
na ya wazee wanaoondoka taratibu.

Mwezi wa tisa, saa sita na robo usiku,
kidole changu kikiwa kwenye kiwiko cha mkono wa binti wa Chiungutwa,
mapigo yakaendelea, mshale ukagoma.
Nilidhani ni yeye.
Mungu anisamehe,
nilimwamsha daktari kwa ajili ya saa.

Nandonde ana meza pale stendi ya Masasi,
ndogo kama sinia la kupetea mchele,
na kile kidude cheusi cha kubana jichoni.
Hakuifungua.
Aliiweka sikioni, akaitikisa mara moja
kama anayejaribu yai.
“Sista, huu ugonjwa naujua.
Kigurudumu kimoja kimelegea.
Dakika ishirini, elfu kumi na tano.
Ila, una kadi?”
Ninayo. Waranti ya miaka mitano.
Akanirudishia kama kaa la moto.
“Nikiingiza bisibisi mimi, kadi inakufa.
Na ikifa, nani atazikwa nayo? Mimi.”

Basi ikapanda basi,
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
imeviringishwa pamba ya wodini,
mpaka Dar, na Dar nao
wakaipeleka kwa wenyewe, huko kwenye theluji.
Kabla ya hapo, fomu.
Je, saa ilipata kishindo?
Je, ilifunguliwa na mtu asiyeidhinishwa?
Je, iliingiwa na maji?
Nikaandika: ndiyo, maji ya chupa ya uzazi,
mara nyingi, na Jiki kidogo.
Mpwa wangu Adabia akaichana ile fomu.
“Shangazi, hapo unaandika Hapana.
Wewe unawajibu kama unaungama!”

Miezi minne.
Kifundoni nikabaki na utepe wa ngozi nyeupe,
wagonjwa wakiniuliza saa naangalia utepe.
Saa ya ukutani wodini inachelewa tangu uchaguzi uliopita,
kwa hiyo nilihesabu kwa mdomo,
kama tulivyofundishwa chuoni siku umeme ulipokatika:
moja ya Masasi, mbili ya Masasi, tatu ya Masasi.
Watoto walizaliwa hivyo hivyo.
Hakuna aliyedai risiti.

Ikarudi katika boksi zuri kuliko kabati langu,
na barua ambayo Adabia alinitafsiria:
kigurudumu kimoja kilikuwa kimelegea.
Kimebadilishwa. Hakuna malipo.

Nandonde aliisoma ile barua mara mbili.
Akaomba asikilize.
Akafumba macho, stendi nzima ikipiga honi,
makondakta wakiita Newala, Newala,
na yeye kimya, sikio kwenye kioo.
“Wameifunga vizuri,” akasema,
kwa sauti ya mpishi anayesifia pilau ya jirani.
Nikampa elfu kumi na tano.
“Za nini?”
Za kutoifungua.
Akachukua elfu tano tu. “Hii ya kusikiliza.”

Kadi inaisha mwaka wa ishirini na tisa.
Mimi nastaafu ishirini na nane.

Jana yule binti wa Chiungutwa alileta mtoto kliniki,
mnene, ana meno mawili, ananing’ang’ania saa.
Nikamshika mkono, nikaanza kuhesabu,
jicho kwenye mshale mwekundu,
na mdomo, kwa mazoea, ukajiendea wenyewe,
moja ya Masasi, mbili ya Masasi.
Mwisho wa dakika tukapishana sekunde mbili.
Sijui nani kati yetu alikosea.
Yenyewe ikikosea ina pa kupelekwa.